Tatizo Si Kinga Ndogo: Maswali na Majibu Kuhusu Homa ya Ubongo ya Kupe

Barua kuhusu ugonjwa huu zimekuwa nyingi. Zinatoka kwa Waswahili walioko Ujerumani, Austria, Uswisi na Uswidi, na kwa ndugu zao walioko nyumbani, wale wanaopigiwa simu usiku kuambiwa kwamba mtu wao kalazwa, kichwa kinamuuma na hajui yuko wapi. Mimi hutibu magonjwa ya ubongo na neva, na wagonjwa wa aina hii nawaona kila msimu wa joto. Zile barua zinazouliza kupe ni mdudu gani nimeziweka kando; aliyekulia penye mifugo anamjua. Nimechagua maswali ambayo majibu yake ya mitaani yanawaumiza watu.

Itoshe kusema kwamba homa hii inaletwa na kirusi cha jamii ya flavivirusi, jamii moja na homa ya manjano, dengi na Zika. Makao yake ni misitu na majani marefu kuanzia mashariki ya Ufaransa, kupita Ulaya ya kati, nchi za Baltiki na Siberia, hadi kisiwa cha Hokkaido nchini Japani.

Nimerudi Arusha likizo na nimeng'atwa na kupe wa ng'ombe. Nitapata homa hiyo ya ubongo?

Hapana. Kupe wanaoibeba, Ixodes ricinus na Ixodes persulcatus, hawaishi Arusha. Kupe wa kwetu wana magonjwa yao, kwa ng'ombe na kwa binadamu, kwa hiyo ukipata homa nenda kapimwe hayo.

Nilimng'oa kupe ndani ya dakika kumi na nikapaka mafuta ya taa palepale. Si niko salama?

Huwezi kuwa na uhakika huo, na mafuta ya taa hayajakusaidia kitu. Mafuta, spiriti na njiti ya kiberiti humchokoza kupe tu, akamwaga mate zaidi ndani ya ngozi. Chukua kibano chenye ncha nyembamba, mshike karibu kabisa na ngozi, mvute polepole moja kwa moja bila kumminya tumbo, kisha safisha kidonda.

Watu wanachanganya magonjwa mawili. Bakteria wa ugonjwa wa Lyme hukaa kwenye utumbo wa kupe na huhitaji saa nyingi, mara nyingi zaidi ya siku nzima, kufika kwa mtu. Kwa Lyme, kumtoa kupe mapema kunaokoa. Kirusi cha homa ya ubongo kiko tayari kwenye tezi za mate. Kupe akianza kunyonya, dakika chache zinatosha. Mtoe haraka hata hivyo, lakini usijipe uhakika ambao huna.

Kinachotokea hapo kwenye ngozi ndicho kinachoeleza ugonjwa mzima. Mate ya kupe yana kemikali zinazotia ganzi na kutuliza kinga ya eneo lile, ndiyo maana wengi hawakumbuki kung'atwa. Seli za ulinzi za ngozi, zile zenye matawi marefu, hukimbilia pale. Kazi yao ni kukamata kitu kigeni na kukipeleka kwenye tezi za limfu ili seli nyingine zijifunze kukitambua. Kirusi hiki huingia ndani ya seli hizohizo, kikazaliana humo, na kikabebwa nazo. Milan Labuda na wenzake wa Bratislava walionyesha mwaka 1996 kwamba kupe mwenye kirusi na kupe asiye nacho wakinyonya mnyama mmoja, kirusi huhama kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine kupitia seli za ngozi, hata kama damu ya mnyama haina kirusi cha kuonekana. Safari ya kwanza ya ugonjwa inafanywa ndani ya kinga yenyewe.

Kaka yangu aliumwa homa siku nne, akapona, akarudi kazini. Wiki moja baadaye kichwa kilimuuma kupita kiasi, mikono ikatetemeka, akaanza kuchanganyikiwa. Ni ugonjwa mwingine?

Ni uleule. Wengi wa wanaofikwa na homa ya ubongo kwa aina ya Ulaya ya kirusi hiki hupitia awamu mbili. Ya kwanza huja kwa kawaida wiki moja hadi mbili baada ya kung'atwa: homa, uchovu, maumivu ya viungo. Ukipima damu utakuta chembe nyeupe na chembe sahani zimeshuka. Kisha kunakuwa na utulivu wa takriban wiki moja. Walio wengi hadithi yao inaishia hapo, na wengine wengi zaidi huambukizwa bila kuhisi chochote. Wachache hupata homa ya pili, na hiyo ndiyo ya ubongo.

Fuata yanayoendelea ndani. Katika awamu ya kwanza kirusi kiko kwenye damu. Seli iliyoingiliwa hutoa interferoni, kemikali inayozitahadharisha seli jirani zijifunge. Kirusi kina protini inayoziba njia ya ujumbe huo, kwa hiyo kinapata muda. Mwisho wake mwili hushinda: kingamwili hutengenezwa, damu husafishwa, homa hushuka. Lakini kwa wale wachache, kirusi kimekwisha kuvuka na kuingia ubongoni, na humo kinazaliana ndani ya seli za neva bila kelele. Mgonjwa anajiona mzima. Anacheza mpira, anaendesha gari. Homa ya pili huanza pale seli za kinga zinapogundua kilichomo na kuanza kumiminika ubongoni.

Hapa nina neno la ukali kwa wenzangu wa kazi. Nilimpokea dereva wa malori, mtu ambaye hakuwa amekanyaga Afrika kwa miaka mingi. Kliniki moja ilimpima malaria mara mbili na kumrudisha nyumbani na vidonge vya maumivu. Hakuna aliyemuuliza kama amelala porini, ingawa alikuwa akiegesha lori kando ya msitu kila wiki. Kumpima malaria mtu aliyetoka safari ni wajibu. Kuona rangi ya mtu na kuacha kuuliza maswali mengine ni uzembe. Nanyi wagonjwa, semeni wenyewe bila kungoja kuulizwa: nimeng'atwa na kupe, au nimekuwa msituni, na hii ni homa yangu ya pili mwezi huu.

Tumpe nini mgonjwa wetu kumwongezea kinga?

*(Hili limeulizwa katika barua nyingi, kutoka München, Wien na Uppsala, na pia Mombasa na Dodoma. Wengine wametaja mlonge, wengine tangawizi na kitunguu saumu, wengine vidonge vya zinki, na wengine dawa ya chupa inayouzwa kwenye makundi ya WhatsApp. Nawajibu wote pamoja.)*

Msimpe chochote kwa kusudi hilo. Nitalieleza jambo hili kwa urefu kwa sababu hakuna fikra iliyoenea kuliko hii, kwamba kinga ni kama maji kwenye ndoo: ikipungua unaugua, ukiijaza unapona. Kwa ugonjwa huu fikra hiyo ni kosa kutoka mwanzo hadi mwisho.

Anzeni na kinachoonekana kwa macho. Majimaji yanayozunguka ubongo na uti wa mgongo wa mtu mzima mwenye afya ni maangavu, na kila mikrolita yake haina zaidi ya chembe nyeupe 5. Ya mgonjwa wa homa hii, siku anayolazwa, mara nyingi yana makumi au mamia. Siku za mwanzo ukitazama kwenye darubini unakuta nyingi ni neutrofili, zile zenye kiini kilichogawanyika vipande. Siku chache baadaye sura inabadilika, uwanja unajaa limfosaiti: seli za mviringo, kiini kikubwa cheusi kinachokaribia kuijaza seli nzima. Huyu ndiye mgonjwa mnayetaka kumwongezea kinga. Kinga yake imekwisha kufika, tena kwa wingi.

Sasa ulizeni inafanya nini humo. Miongoni mwa limfosaiti kuna seli za T za aina ya CD8, ambazo kazi yao ni kuua seli yoyote ya mwili iliyoingiliwa na kirusi. Katika mafua hilo ni jambo jema: seli ya koo ikifa, nyingine inaota. Seli nyingi za neva haziwi na mbadala. Mwaka 2009 Daniel Růžek na wenzake wa Jamhuri ya Czech walichapisha jaribio la panya ambalo kila anayeuza dawa ya kinga angepaswa kulijua. Panya wasiokuwa na seli za CD8, baada ya kuambukizwa, waliishi muda mrefu zaidi kuliko panya wenye kinga kamili. Walipopandikiziwa seli za CD8 walikufa mapema zaidi. Seli za T saidizi, za aina ya CD4, zilifanya kinyume: zilirefusha maisha yao. Kwa hiyo hata ndani ya hicho mnachokiita kinga, tawi moja linaua na jingine linaokoa, katika mnyama mmoja, kwa kirusi kimoja.

Mtasema hao ni panya. Huko Wien, Ellen Gelpi na wenzake walichunguza ubongo wa watu waliofariki kwa ugonjwa huu. Waliona seli za T za kuua, zikiwa na granzaimu, silaha yao ya kemikali, zimegusana na seli za neva zilizokuwa bado hai. Waliona pia kwamba mahali penye uvimbe mkubwa na mahali penye kirusi kingi hapalingani sawasawa. Kuna sehemu zilizoharibiwa sana ambazo kirusi chake kilikuwa kidogo. Huko Stockholm, watafiti wa taasisi ya Karolinska walifuatilia damu ya wagonjwa siku hadi siku. Seli za CD8 zilizoamshwa zilifikia kilele takriban wiki moja baada ya kulazwa, wakati mgonjwa tayari yuko kitandani. Hao hawakukosa kinga.

Nyoka akiwa uani unampiga kwa nguvu zako zote. Akijizungusha kwenye chungu, nguvu hizohizo zinavunja chungu. Ubongo ndicho chungu, na dawa ya chupa inayodai kuongeza nguvu za pigo, hata kama ingefanya hivyo kweli, isingekuwa rehema kwa mgonjwa.

Lakini msije mkaondoka mkiamini kwamba kinga ni adui. Nchini Poland, watu 3 waliopandikizwa viungo kutoka kwa mtoaji mmoja aliyekuwa na kirusi hiki walifariki wote. Walikuwa wakitumia dawa za kushusha kinga ili mwili usikatae kiungo kipya. Wagonjwa wanaotumia rituximab, dawa inayofuta seli za B zinazotengeneza kingamwili, wanaweza kupata ugonjwa huu kwa ukali wa kuua, na wakati mwingine vipimo vya kingamwili vinashindwa kuugundua kwa sababu hakuna kingamwili za kupima. Kuna pia mlango uitwao CCR5 juu ya seli za kinga, ambao huzisaidia kufuata njia ya kuingia ubongoni. Baadhi ya Wazungu huzaliwa na jeni lililokatika la mlango huo. Utafiti wa wagonjwa wa Lithuania uliochapishwa mwaka 2008 ulikuta jeni hilo ni la kawaida zaidi kwa waliougua ugonjwa huu kuliko kwa wasiougua. Seli zisipofika kwa wakati, kirusi kinatamba.

Haya yote yanaelekea sehemu moja. Kinga haipimwi kwa kuwa nyingi au chache. Inapimwa kwa aina yake, mahali ilipo na siku iliyofika. Kingamwili zilizopo kwenye damu siku unayong'atwa zinakuokoa. Seli za kuua zinazofika ubongoni wiki tatu baadaye zinafanya kazi ya lazima kwa gharama kubwa. Hakuna mzizi, unga wala kidonge kinachoweza kuirudisha siku nyuma. Chanjo tu ndiyo inayokuwezesha kuwa tayari kabla.

Tangawizi kwenye chai ya mgonjwa anayeweza kumeza haina neno. Dawa ya chupa isiyoandikwa kilichomo itupeni. Inaweza kuumiza ini na kugongana na dawa za kifafa tunazompa.

Kama kinga ndiyo inayoharibu, kwa nini msiizime kwa steroidi?

Swali zuri, na madaktari wengi wamelijaribu. Hadi leo hakuna utafiti uliothibitisha kwamba steroidi zinawasaidia wagonjwa hawa. Sababu iko kwenye jibu lililotangulia: dawa inayozima kila kitu inazima CD4 pamoja na CD8, na kingamwili pamoja na uvimbe, huku kirusi bado kimo ndani ya seli. Pia si kila uharibifu ni wa seli za T. Kirusi chenyewe huua seli za neva, na katika panya ukuta unaotenganisha damu na ubongo ulipasuka hata pale ambapo seli za CD8 hazikuwapo.

Zamani Ulaya ya kati ilikuwa ikitoa sindano ya kingamwili zilizotengenezwa tayari kwa mtu aliyeng'atwa. Iliachwa, kwa hofu kwamba baadhi ya watoto waliopewa waliugua vibaya zaidi. Dawa ya kuua kirusi hiki hatuna. Tunachotoa ni uangalizi: maji, kushusha homa, kuzuia kifafa, mashine ya kupumulia kwa anayeihitaji, na mazoezi ya viungo mapema. Mnaotafuta hospitali ya nchi jirani yenye dawa ya siri, hifadhini pesa zenu.

Daktari anataka kumchoma mume wangu sindano ya mgongo. Mama mkwe anasema atapooza. Nisaini?

Saini, mama, tena leo.

Uvumi huu nimeusikia Dar es Salaam, Nairobi na Hamburg kwa maneno yaleyale, na umewaua watu wenye homa ya uti wa mgongo ambao wangetibika. Uti wa neva wa mtu mzima unaishia usawa wa pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno. Sindano inaingia chini ya hapo, penye nyuzi za neva zinazoelea kwenye majimaji. Mgonjwa analala ubavu, amejikunja, magoti kifuani. Ngozi inatiwa ganzi. Matone yanadondoka kwenye vichupa vidogo, mililita chache tu, kisha plasta. Baadhi hupata maumivu ya kichwa kwa siku chache. Waliopooza walipooza kwa ugonjwa uliowaleta hospitali, na mara nyingi walikuwa wamecheleweshwa na hofu hiihii.

Kipimo cha PCR cha damu kilitoka hasi, lakini wanasema anao ugonjwa. Mwingine kaandika kinyume: kipimo chake cha kingamwili ni chanya ingawa hajawahi kufika msituni. Nani mkweli?

Wote wawili wanaweza kuwa sawa, na hapa Waswahili wana jambo lao ambalo madaktari wa Ulaya hulisahau.

PCR hutafuta kirusi chenyewe. Mgonjwa anapofika na homa ya pili, damu yake kwa kawaida imekwisha kusafishwa, kwa hiyo PCR hasi haiuondoi ugonjwa. Tunachotegemea wakati huo ni kingamwili: IgM na IgG katika damu, na zile zinazotengenezwa ndani ya majimaji ya uti wa mgongo.

Tatizo ni kwamba kingamwili za flavivirusi hushikana na ndugu wa kirusi zilichotengenezewa. Mtu aliyechanjwa homa ya manjano, aliyewahi kuugua dengi Dar es Salaam au Mombasa, au aliyeambukizwa kirusi cha West Nile, ambacho kilitambuliwa kwa mara ya kwanza Uganda mwaka 1937, anaweza kuwa na IgG inayowasha kipimo cha homa ya ubongo ya kupe. Hilo si kosa la maabara, ila kusoma jibu bila kumuuliza mtu historia yake ni kosa. Kipimo cha kuona kama damu inaweza kukizuia kirusi kisiambukize seli kinatofautisha vizuri zaidi, nanyi muulizieni daktari. Chukueni kadi yenu ya manjano ya chanjo kila mnapokwenda kupimwa.

Basi chanjo ya homa ya manjano inanikinga?

Hapana. Kushikana kwenye kipimo hakutoshi kukukinga.

Mgonjwa akirudi nyumbani tumtenge na watoto?

Msimtenge. Haambukizi kwa mkono, sahani wala pumzi.

Tunanunua maziwa mabichi ya mbuzi shambani, kama tulivyozoea nyumbani. Kuna ubaya?

Upo, na wengi hawaujui. Mbuzi, kondoo au ng'ombe akiambukizwa na kupe hutoa kirusi kwenye maziwa bila kuonekana mgonjwa. Mwaka 1951, katika mji wa Rožňava nchini Slovakia, maziwa ya mbuzi yalichanganywa na ya ng'ombe bila kuchemshwa, na watu wasiopungua 660 wakaambukizwa. Mwaka 2020, mkoani Ain nchini Ufaransa, jibini la maziwa mabichi ya mbuzi liliwaangusha watu zaidi ya 40. Chemsheni maziwa. Bibi zenu walichemsha, na walikuwa sahihi.

Tuko Minnesota. Chanjo hiyo ya Ulaya itatusaidia?

Kwenu kuna kirusi jamaa yake kiitwacho Powassan, kilichogunduliwa Ontario mwaka 1958 baada ya kumuua mtoto. Ni nadra, lakini hakina chanjo iliyoidhinishwa. Vaeni suruali ndefu, pakeni dawa ya kufukuza wadudu, na jikagueni mwili mzima mkitoka porini.

Amepona, lakini si yuleyule. Anasahau, anakasirika, mkono haunyanyuki. Shemeji anasema karogwa, na kuna mchungaji anataka fedha ili amwombee. Tufanye nini?

Mchungaji anayeomba fedha kabla ya kuomba dua mfungieni mlango.

Ndugu yenu hakurogwa. Kirusi hiki hupenda sehemu maalumu: seli za mbele za uti wa mgongo, ambazo huendesha misuli, hasa ya shingo, mabega na mikono, na seli za Purkinje za ubongo wa nyuma, ambazo hulinganisha mwendo. Seli zilizokufa hapo, ziwe zimeuawa na kirusi au na kinga, hazirudi. Mkono unaoning'inia na hatua zinazoyumba zina anwani inayojulikana kwenye ubongo. Kusahau, uchovu na hasira ni sehemu ya ugonjwa uleule, na vinaweza kukaa miezi au miaka. Kwa aina ya Ulaya, kati ya waliougua ubongo hufariki hadi 2 katika kila 100. Waliobaki na athari ni wengi zaidi ya hao mara nyingi. Aina ya Mashariki ya Mbali ni kali zaidi.

Msimkatie tamaa. Mwanasayansi Mikhail Chumakov alikuwa katika msafara wa Lev Zilber uliokwenda mashariki ya mbali ya Urusi mwaka 1937, ule uliokitambua kirusi hiki. Aliambukizwa kazini, mkono wake wa kulia ukapooza na usikivu ukapotea. Ndiye baadaye aliyeongoza taasisi ya polio mjini Moscow na kusimamia chanjo ya matone ya polio nchini humo. Mazoezi ya viungo yaanze mapema na yasikatizwe. Mwajiri apewe barua ya daktari. Nyumbani, anayesahau aandikiwe, asikaripiwe.

Umesema kinga inaharibu ubongo. Sasa chanjo si itaiamsha kinga hiyohiyo itushambulie?

Hili limekuja kwa namna nyingi, na nalipenda kwa sababu anayeliuliza anafikiri. Jibu ni hapana, na sababu ni ileile ya mahali na wakati. Chanjo hii ina kirusi kilichouawa. Hakiwezi kuzaliana, hakiwezi kufika ubongoni, kwa hiyo hakuna seli ya neva iliyoingiliwa ya kushambuliwa. Kinachobaki ni kingamwili kwenye damu na seli za B zenye kumbukumbu. Kupe akikung'ata, kingamwili hizo hukishika kirusi kabla hakijavuka. Seli za kuua hazipati sababu ya kwenda ubongoni.

Austria imelithibitisha hilo mbele ya macho ya kila mtu. Ilikuwa na wagonjwa mamia kila mwaka, hadi karibu 700. Christian Kunz na wenzake walitengeneza chanjo, ikaanza kutumika mwaka 1976, na kampeni ya taifa zima ikaanza mwaka 1981. Zaidi ya watu 80 katika kila 100 wamechanjwa angalau mara moja, na katika miaka mingi iliyofuata wagonjwa hawakufika 100. Ujerumani, ambako wengi wenu mnaishi na ambako wanaochanjwa ni wachache zaidi, ilisajili wagonjwa zaidi ya 700 mwaka 2020.

Dozi za kwanza ni tatu: ya pili mwezi 1 hadi 3 baada ya ya kwanza, ya tatu miezi 5 hadi 12 baada ya ya pili. Ya kuimarisha hufuata baada ya miaka 3, kisha kwa kawaida kila miaka 5, na mapema zaidi kwa wazee, kwa sababu kinga yao hujibu polepole. Anayetumia dawa za kushusha kinga azungumze na daktari wake kabla ya kuzianza, chanjo ipate nafasi ya kufanya kazi. Katika maeneo ya hatari ya Ujerumani bima ya afya hulipia, na mtu asikwambie vinginevyo.

Kupe wa Ulaya huamka baridi inapopungua, mara nyingi kuanzia Machi. Kwa hiyo anayefanya kazi shambani, anayekata miti, anayeokota uyoga, anayewapeleka watoto bustanini, na anayeegesha lori kando ya msitu, aanze dozi ya kwanza wakati wa baridi. Fedha mliyotenga kwa dawa ya chupa itumieni kwa nauli ya kwenda kuchanjwa.